Nimechora binti mjanja wa stendi, wasomaji wananiambia ni mimi nimevaa khanga

Kalamu_ya_Mbagala

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina jambo linaninyima usingizi tangu Jumamosi. Nimelileta hapa kwa sababu najua humu wamo wachoraji, na wamo wasomaji wasiomung'unya maneno.

Nina miaka 27, naishi Mbagala. Mchana nipo kwenye duka la steshenari, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Usiku nachora. Mwaka jana nilitoa toleo la kwanza la kitabu changu cha vibonzo, nimekiita Siwema wa Rangi Tatu. Kurasa 24, saizi ya A5, ndani nyeusi na nyeupe, jalada la rangi, pini mbili katikati. Sina mchapishaji wala mfadhili. Nilichapa nakala 200 kwa akiba yangu, kila moja ikanigharimu shilingi 1,800, nauza 3,000. Hadi leo zimetoka 131, na kati ya hizo kama 40 hivi zimenunuliwa na ndugu na jamaa. Nataja namba ili mjue nimesimama wapi.

Siwema ana miaka 14, akitoka shule anauza mayai ya kuchemsha stendi ya Rangi Tatu. Wazo lilitokana na jambo nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa jioni, saa kumi na mbili na ushee, foleni imeganda, na kuna binti mdogo ana trei ya mayai. Abiria mmoja wa daladala akachukua matatu dirishani, akala. Gari likaanza kusogea, akafunga kioo. Nikajua mtoto atalia, au atalikimbiza gari. Hakufanya hata moja. Alitembea tu, bila haraka, hadi kwa mpiga debe aliyekuwa mbele kwenye kona ya kutokea, akamnyooshea kidole dirisha la tatu. Mpiga debe akagonga bodi mara mbili, gari likasimama. Yule bwana akafungua kioo na kutoa hela, hakuna aliyemsemesha. Binti akahesabu, akachukua yai moja akampa mpiga debe, akarudi kwenye kazi yake. Sidhani kama dakika mbili zilitimia. Usiku ule nilikaa nachora uso wake kwa kumbukumbu mpaka saa nane.

Sasa, kitabuni Siwema anafanya mambo mengine kabisa. Ukurasa wa 5 anaruka juu ya paa la daladala. Ukurasa wa 9 anawapiga vibaka watatu, mmoja teke la shingo. Ukurasa wa 20 anampokonya jambazi kisu. Niliamini shujaa asipopigana watu hawatanunua.

Jumamosi niliwapa wasichana wanne wa kidato cha pili, rafiki zake mdogo wangu, nikawaomba waseme ukweli. Walisoma kimya. Halafu mmoja, mpole wa sauti, akaniambia: "Kaka, unachora vizuri. Ila huyu si Siwema. Huyu ni wewe umevaa khanga." Wenzake wakatikisa kichwa kukubali. Mwingine akarudi ukurasa wa 7, pale Siwema anapomdai mteja na kusema "Tafadhali bwana, naomba unilipe fedha zangu." Akaniuliza, "Stendi gani wanaongea hivi?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Naomba mnisaidie mawili. Binti mjanja wa mtaani anachorwaje akaonekana mjanja bila kurusha ngumi? Na aongee lugha gani? Nikiandika lugha ya Mbagala tupu, msomaji wa Pemba au Kisumu atanielewa? Toleo la pili nimefika ukurasa wa 11 na nimeuweka wino chini.

---

BintiUbungo

Marahaba mdogo wangu. Nimeinjika wali nikauacha jikoni ili nikujibu, maana hili linanihusu.

Niliuza mayai Ubungo, kwenye kile kituo cha mabasi ya mikoani, zamani kabla hakijahamia Mbezi. Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 13. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeibeba hiyo trei.

Kwanza kabisa, lile tukio la dirisha la tatu ndilo toleo lako la kwanza. Umelisimulia hapa kwa maneno machache nami nimeliona lote, mpaka kioo kinavyopanda. Sijui ulikimbilia wapi na mapaa ya daladala wakati ulikuwa nalo mkononi.

Halafu kuna kitu hukukiona. Unadhani lile yai alilompa mpiga debe ni asante ya siku ile. Mimi naona mpiga debe yule alikuwa anakula yai la huyo mtoto kila siku tangu wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa na watu wawili: mpiga debe wa mabasi ya Moshi, na mama mmoja aliyekuwa anauza chai karibu na vyoo. Kila siku mayai mawili yalitoka kwenye trei yangu bila kulipiwa, na nyumbani niliyataja kuwa yamepasuka njiani. Mama yangu aliaga dunia hajui. Gari lako lilisimama kwa sababu ya mayai ya siku zote zile. Ukichora linasimama tu, msomaji atasema mtoto kapata bahati, na bahati si ujanja.

Kuhusu kupigana. Nilikuwa na kilo thelathini na kitu. Mtoto wa stendi hapigani kwa sababu akipigana trei inamwagika, na trei ikimwagika nyumbani hakuna mboga, na kesho hakuna mtaji. Hiyo hesabu iko mwilini mwake saa zote, na ndiyo unayotakiwa kuichora. Mtazame anavyosimama: mgongo kwenye nguzo, trei imeegemea kiuno, jicho kwenye mlango wa basi. Kwenye msongamano anatanguliza kiwiko, trei inafuata. Hela haikai mahali pamoja. Chenji ndogo ilikuwa kiganjani, noti nimezikunja kwa urefu katikati ya vidole kama konda. Nyingine zimefungwa kwenye pindo la khanga. Na noti moja ya mia tano, ile yenye nyati, ilikaa ndani ya kiatu cha kushoto, haiguswi, kwa ajili ya siku ambayo nimenyang'anywa vyote na bado natakiwa nifike nyumbani. Nimeitumia mara mbili tu. Mara zote mbili nililia garini na si stendi.

Mgambo walipokuja hatukukimbia hovyo. Kila mtoto alikuwa na mlango wake. Wangu mimi ulikuwa kwa mama chai: naingia, nakaa kwenye benchi, nashika kikombe cha mtu aliyeondoka, tayari mimi ni mteja. Trei iko chini ya meza imefunikwa. Mgambo anapita, kiatu chake kiko hatua mbili na trei. Mimi napuliza chai iliyokwisha poa. Chora hilo uone kama kuna msomaji atakayepumua.

Sasa nikuombe kitu kwa uzito. Usimchore kama mtoto asiyeogopa. Kulikuwa na wanaume wanakwambia njoo nyuma ya basi uchukue hela yako. Tulifundishana, wakubwa kwa wadogo: hela haifuatwi nyuma ya basi. Unabaki ulipo, unapaza sauti watu wote wageuke, "Hela yangu iletwe hapa hapa!" Nilikuwa natetemeka magoti nikiisema, na nilikuwa naisema. Wasichana wako wa kidato cha pili wataujua ukurasa huo kabla hawajausoma maneno. Hapo hawatakwambia ni wewe umevaa khanga.

Na mayai yenyewe, mbona hujayachora? Yai lililotagwa leo halifai kuchemshia biashara, linang'ang'ania ganda, ukimenya linatoka na nyama yake. La siku nne tano ndilo linalomenyeka, hasa ukilitoa motoni na kulitumbukiza kwenye maji ya baridi. Unaligonga, unalisugua kidogo kwa kiganja, ganda linatoka kama soksi. Mteja anaona sekunde tatu.

Kulikuwa pia na vijana wenye mchezo mbaya. Ukigeuka wanachomeka yai bichi kwenye trei. Mteja akiligonga linamwagikia shati, unadaiwa shati. Mama chai ndiye aliyenionyesha dawa: weka yai mezani ulizungushe. Lililoiva linazunguka limetulia kama pia ya watoto. Bichi linayumba, linasita, kwa sababu tumbo lake bado linacheza ndani. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa nazungusha na kila jioni nazungusha tena.

Niwekee nakala mbili za toleo jipya. Nina binti wa miaka 12.

---

Mzee_wa_Wino

Kijana, dada hapo juu amekupa matoleo matatu ya bure. Mimi niongezee upande wa karatasi, maana ndiko nilikozeekea.

Nilianza kuchora miaka ya tisini, magazeti ya watu binafsi yalipokuwa yanachipuka kila kona ya Dar. Sisi tulikua tukimtazama kibonzo Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, baadaye akaja Kingo wa James Gayo. Wote wanaume watu wazima. Sisi tuliofuata, tukimchora mwanamke alikuwa wa kuchekwa au wa kutamaniwa. Binti anayebeba hadithi mwenyewe mwanzo hadi mwisho, mimi sikuwahi kumchora, na najuta. Kwa hiyo nalichukulia swali lako kwa uzito wake.

Kitabu cha pini, ukurasa wa 1 uko kulia peke yake. Wa 2 na wa 3 vinaonekana kwa pamoja, kisha msomaji anageuza karatasi. Jambo la kushtua likikaa kulia, jicho linaliona kabla ya wakati wake. Liweke kushoto, kwenye namba shufwa. Kile kioo kinafungwa picha ya mwisho kabisa ya ukurasa wa 3, chini kulia: vidole vya abiria na ganda la yai limebaki dirishani. Msomaji anageuza. Ukurasa wa 4 ni picha moja tu, umejaa. Stendi nzima inakwenda, magari, mabegi, moshi, watu, na katikati mtoto ametulia. Ukurasa wa 5, visanduku sita vidogo vya saizi moja, anatembea. Usiandike neno hata moja. Ukiweka maelezo juu, "Siwema alikuwa msichana mwerevu sana," umemnyang'anya msomaji kazi yake. Ujanja unaonekana pale msomaji anapouliza anakwenda wapi huyu, halafu kwenye kisanduku cha sita anamwona mpiga debe.

Yale mayai ya kila siku ambayo dada ameyataja, yapande mapema, pembeni. Ukurasa wa 1, nyuma ya kila kitu, mpiga debe anatafuna na ganda liko miguuni kwake. Ukurasa wa 2 vivyo hivyo, nguo nyingine, siku nyingine. Atakayesoma mara ya pili ataligundua, na atakionyesha kwa mwenzake. Kitabu ulichokichapa kwa hela ya mfukoni mwako kinauzwa kwa njia hiyo.

Kuhusu gharama: kurasa zipungue hadi 16. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inakupa kurasa nne za A5, kwa hiyo 16 ni karatasi nne na jalada, 24 ni sita. Bei ikishuka, wale wasichana wenyewe watamudu kununua badala ya kusoma ya bure.

Lugha. Katuni ina kitu ambacho riwaya haina: picha inaeleza neno. Siwema akisema "msimbazi", chora noti nyekundu ya elfu kumi mkononi mwa mteja. Akisema "jero", ionekane sarafu ya mia tano. Msomaji wa Pemba hatahitaji kamusi. Neno ambalo picha haiwezi kulibeba, libakize kwa uangalifu. Marguerite Abouet, aliyekulia Yopougon kule Abidjan kabla ya kwenda Ufaransa akiwa na miaka 12, alipotoa kitabu cha vibonzo Aya mwaka 2005 akishirikiana na mchoraji Clément Oubrerie, wahusika wake waliongea kama watu wa mtaa wao, na nyuma ya kitabu akaweka maana ya maneno machache pamoja na mapishi ya kwao. Hakumfundisha msomaji katikati ya mazungumzo. Na Aya, binti wa hadithi ile, hapigi mtu, ila hujui kuacha kumfuatilia.

Usiogope udogo wako. Ndugu wa ukoo wa Hernandez, kule Oxnard, California, toleo la kwanza la vibonzo vyao, Love and Rockets, walilichapa wenyewe mwaka 1981, mwaka uliofuata kampuni ya Fantagraphics ikalichukua. Mmoja wao, Jaime, anaye Maggie, binti fundi makanika. Maggie hakubaki msichana. Miaka inakwenda naye anakwenda, ananenepa, anazeeka, wasomaji wanazeeka naye. Fikiria hilo. Siwema ana 14 leo. Toleo la nane awe na 16, sauti imebadilika, labda trei amemwachia mdogo wake.

La mwisho linaniuma, kwa hiyo nisome vizuri. Miaka ile nilikuwa na mhusika wangu, sitamtaja, alikuwa anatoka kila wiki kwenye gazeti fulani. Hakukuwa na karatasi yoyote tuliyoandikishana. Siku nilipoomba nyongeza, mwenye gazeti alimpa mchoraji mwingine kazi ile. Jina lile lile, kofia ile ile, mkono si wangu. Nilimwona kwenye meza ya magazeti pale Posta kama mtu anayemwona mwanawe anaitwa kwa jina la baba mwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema haki ni yako tangu ulipochora, lakini siku ya ugomvi unaulizwa ushahidi. Mpeleke Siwema COSOTA, ofisi ya hakimiliki, umsajili. Itakuja taasisi yenye pesa nzuri, itataka Siwema awaambie watoto wanawe mikono au wasikatize masomo. Ujumbe mzuri, wape ruhusa ya kumtumia kwa kazi hiyo, kwa muda huo, kwa maandishi. Kumuuza, usimuuze.

---

Msomaji_Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Mimi si mchoraji, ni msomaji tu, na nilianza kusoma vibonzo nikiwa shule ya msingi.

Kuhusu hofu yako ya lugha: kwetu huyo mpiga debe tungemwita manamba, na mgambo ni kanjo. Nimesoma maelezo yako na ya dada wa Ubungo bila kuuliza mtu. Mtu anagonga bodi gari linasimama, nani atashindwa kuelewa? Kuna watoto huku wanauza mayai boilo na kachumbari steji, wanaficha hela vile vile.

Ila nikutahadharishe jambo. Shujaaz, jarida la vibonzo, ilipoanza hapa mwaka 2010 ilitoka kwa Sheng, ikigawiwa bure ndani ya gazeti, na sisi tulioipata tulijiona humo kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na DJ Boyie na redio yake ya kujificha chumbani, na kulikuwa na Maria Kim, msichana wa mjini. Nilikuwa namfuata yeye. Juzi nilitoa nakala za zamani nikampa mpwa wangu wa miaka 13. Maneno mengine alinitazama tu, yameshakufa mtaani. Hadithi aliielewa yote. Kwa hiyo maneno ya msimu usiyaweke pale ambapo hadithi inategemea. Pesa, gari, chakula, hayo yanadumu kidogo. Matusi na sifa hubadilika kila mwaka.

Swali langu moja: kuna njia ya kupata toleo la pili huku? Hata ya kusoma kwenye simu nitalipia. Lakini herufi zako uziongeze ukubwa, A5 ikiingia kwenye simu maneno yanakuwa sisimizi wa ukutani.

---

Kalamu_ya_Mbagala

Dada BintiUbungo, Mzee, ndugu wa Kayole, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa mezani. Asanteni. Natamka kwa kinywa changu kabisa huku naandika.

Zile kurasa 11 nimeziweka kwenye bahasha. Sitazitumia. Juzi baada ya kazi nilikwenda Rangi Tatu na daftari, nikakaa kwa mama mmoja wa chai tangu saa kumi hadi giza. Sikumchora mtoto yeyote uso, nilichora mikono na miguu tu. Dada, kiwiko kinatangulia kweli. Nimewaona watatu, wote watatu. Na nguzo moja ya taa pale imeng'aa kwa usawa wa mgongo wa mtoto, rangi imeisha kwa kuegemewa. Nimepita pale miaka sita sijaiona. Sasa iko ukurasa wa 1.

Nimenunua mayai mawili ya kuchemsha na moja bichi nikayazungusha kwenye kaunta ya steshenari. Bosi alidhani nimechanganyikiwa, nikamwonyesha, akawaita wateja. Bichi linayumba kama ulivyosema. Nimelichora kwa visanduku vinne: kidole kinazungusha, linazunguka, linazunguka, linasita. Kisha jicho la Siwema linainuka kutazama nani aliyekuwa nyuma yake. Hakuna neno.

Mzee, kitabu ni kurasa 16. Kioo kinafungwa mwisho wa ukurasa wa 3. Ule wa 4 nimeuchora mara tatu na bado, umati ni mgumu, lakini mtoto katikati ameshakaa. Ukurasa wa 7, pale pa "Tafadhali bwana", sasa anaitwa nyuma ya basi na haendi, amesimama kwenye nguzo na mdomo uko wazi: "Hela yangu iletwe hapa hapa!" Magoti nimeyachora yamegusana. Dada, nimeweka sentensi yako ilivyo. Kama hutaki nitaitoa, niambie. Fomu za COSOTA nitazifuata wiki ijayo, nimeshaomba ruhusa kazini.

Kayole, nitakutengenezea ya simu, kisanduku kimoja kimoja kwa wima, herufi kubwa. Nipe wiki tatu.

Jana jioni nimewaonyesha wasichana penseli za kurasa nane za kwanza. Yule mpole alikaa kwenye ukurasa wa 2 muda mrefu. Akaweka kidole juu ya mpiga debe, akarudi ukurasa wa 1, akamwona tena na ganda miguuni. Akaniuliza, "Kaka, hili yai nyumbani anasema limekwenda wapi?" Nimemwambia mama yake Siwema anaanza kuhesabu kwenye toleo la tatu.